Moto Haushukuriwi

Ulikuwa mwaka tuliokula mahindi ya manjano. Mtu wa Likoni wa rika langu ukimwambia hivyo hakuulizi mwaka gani. Mvua zilikataa, mihogo ikatoka ardhini imekonda kama vidole vya mgonjwa, na unga mweupe ukapotea madukani. Ndipo yakaja hayo, yamevuka bahari. Ukisonga sima unadhani umetia bizari. Watoto siku ya kwanza walifurahi, siku ya pili walinuna, siku ya tatu wakala. Wanaume barazani walisema mahindi haya yameugua homa ya manjano na sisi tunayazika matumboni. Wengine wakasema huko yalikotoka ni chakula cha farasi. Mavyaa yangu, mama wa mume wangu, aliyekuwa akiishi nasi na hana jino hata moja, akasema, "Farasi nimemwona, ana nguvu. Nipakulie."

Sikusoma sana. Niliingia darasa la pili nikatolewa, herufi nikazirudia ukubwani kwenye ngumbaru, na wajukuu tayari wananicheka. Basi nitaandika kama nisemavyo. Mengi ya maisha yangu najisifu nayo na sioni haya: nyumba niliyoikandika kwa mikono hii, watoto saba niliowazaa wakaishi wote saba, wajukuu wanaonijua kwa vitumbua na kwa fimbo. Hili ninaloliandika silisifu. Ni la kaa moja la moto. Niliombwa, nikalinyima.

Aliyeniomba alikuwa shoga yangu, jirani wa ukuta mmoja. Ukuta wenyewe wa boriti na udongo, akikohoa kwake najua ni kifua au ni pilipili. Mumewe alikwenda Tanga kutafuta kazi, akaikuta huko kazi na mke. Alimwachia mamake mtu mzima wa kumtunza na binti mmoja, wakati ule labda wa miaka saba. Binti huyo aliniita mamkubwa, maana mimi nilimzidi mamake miaka, na nilimpokea mimi alipozaliwa, kwa mikono hii hii.

Lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukiishi na moto, maana wajukuu zangu wanabonyeza tu. Sisi kibiriti kimoja kilikaa mwezi kati ya nyumba mbili. Aliyetangulia kuamka ndiye aliyewasha. Mwenziwe akisikia chungu kinagongwa humtuma mtoto na kifuu cha nazi, chini kimetiwa jivu, na mtoto hurudi na kaa jekundu juu yake, anapuliza njia nzima. Leo kwangu, kesho kwako. Na moto haukunyimwa. Mtu aliweza kukunyima chumvi, aliweza kukunyima hata salamu mkigombana, lakini moto alikupa huku amekunja uso. Wala haukushukuriwa. Unapokea kimya, unakwenda. Bibi zetu walisema ukiushukuru moto utazima njiani.

Sasa sikiliza jinsi tulivyofika hapo pa kunyimana.

Chifu aliitisha baraza. Akaja na bwana wa misitu, kijana wa bara, soksi amezivuta hadi magotini na jua lile. Yule bwana akasema misitu ya huko juu, upande wa Kwale, imeliwa na makaa. Miti ikiisha, mvua nayo hukosa pa kushukia, ndiyo maana tunaona haya tunayoyaona. Kwa hiyo kila gunia la makaa litakalopita kizuizi cha barabarani litalipiwa ushuru. Bei ikipanda watu watajifunza kuchoma kidogo. "Anayechoma ndiye alipe," akasema.

Mzee mmoja akauliza, "Na wasiojiweza, bwana?"

Chifu ndiye aliyejibu. "Wasiojiweza serikali haijawasahau. Wataandikwa, watapewa chakula."

Tukapiga makofi. Wallahi, na mimi nilipiga. Neno lile la anayechoma alipe lilinipendeza sana, kwa kuwa nilidhani anayechoma ni wale wachoma makaa wa msituni, waliokata miti na kuifukia. Nikasema waache walipe. Kumbe anayechoma ni mimi.

Nilijua siku nilipokwenda kwa muuza makaa wetu na debe langu. Akanitajia bei, nikamwambia nimekuja kununua makaa, sikuja kununua gunia na punda wake.

"Mama, ushuru mimi nimeulipa kizuizini," akasema. "Na wewe utanilipa mimi. Wewe utamlipisha nani?"

"Nitawalipisha wanangu."

"Basi wapakulie kidogo kidogo."

Tulicheka, mimi na yeye. Hakuwa mtu mbaya. Nikarudi na kopo mahali pa debe.

Baada ya hapo kila kitu kilichopita motoni kilipanda. Kitumbua cha barabarani kikapungua mpaka ukikishika unaona vidole vyako. Waliokimbilia mafuta ya taa wakayakuta nayo yamewatangulia kupanda. Kuti ambalo zamani lilianguka likaozea pale pale, sasa linagombewa, na wenye minazi wakaanza kutoka na fimbo. Maji ya kuoga tuliyaanika juani. Chai ikipoa ilinywewa ikiwa imepoa. Tukaacha kunde, tukaacha maharage, tukaacha kila kitu chenye kiburi cha kuiva. Zamani nilichagua chakula kwa utamu wake. Mwaka ule nilichagua kwa haraka yake.

Watu wakaandikwa. Mimi sikuandikwa. Mume wangu alikuwa kuli bandarini, ana kitambulisho cha kazi, na karani akasema nyumba yenye mshahara haiandikwi. Mshahara wenyewe ulikuwa unaishia kwenye seredani, jiko langu la makaa, lakini hilo karani hakuliuliza. Shoga yangu aliandikwa. Kila baada ya wiki mbili alikwenda kwa chifu, akapanga foleni tangu alfajiri, akarudi na mfuko kichwani. Hakupewa unga. Alipewa mahindi yenyewe, makavu, magumu, ukiyamwaga kwenye sinia yanalia kama mvua juu ya mabati.

"Umepata, shoga?"

"Nimepata changarawe."

"Za kujengea?"

"Za kujengea tumbo." Akautua mfuko, akajipangusa. "Mahindi bure, shoga. Lakini hayakuja na kuni zake."

Huo ndio ulikuwa msaada wetu, na aliyeusema vizuri kuliko wote ni yeye. Mashine ya kusaga ilitaka pesa, na mwenye mashine naye alilia dizeli. Kwa hiyo wengi waliyachemsha hivyo hivyo mazima, pure isiyo na maharage. Unayaloweka usiku, unayainjika asubuhi, adhuhuri bado yanakurudisha meno nyuma. Bei ya makaa ya kuivisha mahindi ya bure ilitosha kununulia chakula cha kawaida. Kwa nini mtu asiye na kitu anapewa kitu kisichoiva, hilo sikupata wa kunieleza, si wakati ule si leo.

Na kila alipopokea, kabla hajala yeye, alinipimia kibaba kimoja akanipitishia. Nilipokea. Na yeye asubuhi alimtuma binti na kifuu, nami nikatoa kaa.

Ila sasa asubuhi zote zilikuwa za kwangu. Yeye hakuwa na cha kuwasha. Alichukua kaa langu, akaliweka chini ya vijiti na makumbi ya nazi aliyookota, akaivisha alivyoweza. Na si yeye peke yake, watoto walitoka hata nyumba ya tatu. Kaa moja si kitu, lakini makaa sita ni chai. Mume wangu alikuwa amepata gunia moja la bei ya zamani, la mwisho, tukalificha chini ya kitanda cha mavyaa. Akaniambia hili litufikishe Ramadhani. Siku moja jioni akainama, akatia mkono guniani, akaufikisha kwenye kwapa kabla hajagusa kitu. Akainuka, akanitazama.

"Hivi mimi nimeoa mke au nimeoa mtaa?"

Nililala na neno lile. Nikaanza kupiga hesabu za husuda ndani ya kichwa changu: yeye anapewa mahindi bure, mimi nalipa ushuru wa kila kaa. Ushuru wangu ndio unaomnunulia mahindi. Na moto pia nimpe? Kibaba alichokuwa akinipimia sikukitia kwenye hesabu hiyo. Mwenye husuda huhesabu kwa mkono mmoja.

Asubuhi nikawasha mapema, kimya kimya, sikugonga chungu. Nikainjika. Makaa yaliposhika nikayafunika jivu juu, nikakaa mbele ya seredani nimeipa mgongo, nimetandaza leso magotini kama mtu anayepumzika. Binti akaja na kifuu chake. Alikuwa amekipangia jivu vizuri, amelisawazisha kwa kidole.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba."

"Mama kasema nipe moto."

Nikamwambia, "Moto wangu umezima, mwanangu. Mwambie mamako ajaribu kwingine."

Nyuma yangu chungu kilikuwa kinachemka. Nakisikia mpaka leo, kile kifuniko kinavyocheza, tu, tu, tu. Mtoto hakutazama chungu, alinitazama mimi. Kisha akasema, "Haya, mamkubwa," akageuka na kifuu chake kitupu, na kwa mazoea akawa anakipuliza.

Mavyaa alikuwa kwenye mkeka wake. Akasema, "Moto umezima. Na hicho kinachemshwa na nini, na uwongo?"

Nikamwambia anyamaze, yeye analalia gunia. Mchana nilipompakulia hakula.

Alasiri binti akarudi. Safari hii mikono yote miwili imejaa. Mkono mmoja bakuli la pure, moshi bado unatoka. Mkono wa pili kifuu, na juu ya jivu kaa jekundu, kubwa, la mti wa mkoko.

"Mama kasema moto wako umezima na nyinyi hamjapika. Kasema kula hiki, na moto huu hapa."

Shoga yangu aliniamini. Alidhani ninalala njaa na watoto saba. Maji yalipokupwa alikwenda mikokoni Mtongwe kuokota vijiti vikavu. Huko nako kulikatazwa bila kibali, akaenda mbio mbio, miguu mitupu, akirudi nyuma kila anaposikia sauti. Akapata mzigo, akaomba moto nyumba ya mbali, akaivisha, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunigawia.

Nilipokea bakuli. Nikapokea kifuu. Na kwa kuchanganyikiwa, kwa aibu, nikasema neno ambalo kwetu halisemwi. Nikasema, "Ahsante."

Mtoto akashtuka. Akatazama kile kifuu kama anangoja kaa lizime pale pale mbele ya macho yake. Halikuzima. Nikaenda nalo ndani, nikalitia kwenye seredani yangu iliyokuwa bado moto. Pure nikaila. Ilikuwa haijaiva vizuri. Nikaila yote.

Kesho yake nilimsikia shoga anachechemea. Nikaenda kumwona. Alikanyaga kisiki kule matopeni, kisiki chenye maganda ya chaza, kimemchoma unyayo. "Kidogo tu, shoga," akasema, "mguu wangu umelipa ushuru." Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa nimekwenda kumwambia ukweli, na kile kicheko kikanipa njia ya kutokusema. Nikamkanda kwa maji ya chumvi, nikarudi zangu.

Siku zikapita kama nane. Jeraha limeshafunga juu, tumeshalisahau. Asubuhi moja akashindwa kufungua mdomo kusema bismillahi. Taya limekaza. Wengine wakasema ni shetani wa mikokoni, wakamwandikia kombe, aya za kuoshwa na kunywewa, lakini kombe litapita wapi na meno yameumana. Kisha mgongo ukajikunja kama upinde. Mimi siku hizo nilimwaga makaa yote. Sikumwuliza mume wangu, na yeye hakuniuliza. Nilipika uji mwembamba wa hayo hayo mahindi, nikautia tone tone kwenye pengo la jino lake la pembeni. Ukatoka pembeni. Nikautia tena. Tulipomvusha feri kumpeleka hospitali, daktari alituuliza kaumia lini, tulipomjibu akatikisa kichwa. Pepopunda, akasema. Hakuwahi kusema neno tena. Macho yalikuwa yake mwenyewe mpaka mwisho, yananifuata, na mimi mbele ya watu nikashindwa kusema hata pale.

Matanga tuliyafanyia kwake, na kwa kuwa nyumba ya msiba haiwashi moto, moto ulitoka kwangu. Siku tatu seredani yangu ilichemsha kahawa ya waombolezaji. Watu walinisifu. Walisema jirani ndio huyu.

Binti alibaki na bibi yake, lakini alikua kwangu. Alikula kwangu, nilimsuka, nilimpeleka shule. Mahindi ya manjano yakaisha, unga mweupe ukarudi. Ushuru ulitulia, ukapanda tena. Miaka ya tisini ilipoingia na bei ya unga ikaachiwa ipande itakavyo, wakaja wengine, akina mama wenye miwani, na majiko yenye udongo ndani. Jiko zuri, silikatai, ninalo. Wakatuambia makaa lazima yawe ghali ili miti ipone, na wajane watapewa msaada. Nikainua mkono, nikasimama.

"Huo msaada wenu unapikwa kwa nini?"

Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye miwani akaandika kitu kwenye karatasi. Binti alikuwa amekaa kando yangu, msichana mkubwa sasa, anashona nguo hapo sokoni. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa akawa anavutavuta uzi kwenye pindo la leso yangu.

Alipopata mchumba, bibi yake alikuwa ameshafariki. Watu wa mume wakauliza mkaja utapelekwa wapi. Mkaja ni nguo ya mama, ile anayopewa mwenye kufunga tumbo baada ya kumzaa biharusi, na mama asipokuwepo hupewa aliyesimama mahali pake. Jumatatu asubuhi akaja kwangu. Nilikuwa uani napepea jiko.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka mkaja uupokee wewe."

Moyo wangu ulifurahi kwanza, nisiseme uwongo. Kisha ukanisuta. Nikaweka kipepeo chini. "Huo si wangu, mwanangu. Mimi na mamako kuna jambo. Hulijui."

"Mimi ndiye niliyeshika kifuu," akasema.

Miaka yote ile nilijidanganya kwamba mtoto wa miaka saba husahau.

"Nilisikia chungu," akasema. "Nilinusa. Nikaenda nikamwambia mama maneno uliyonituma, kama ulivyoyasema. Sikumwambia habari ya chungu. Nikaona kama nikimwambia mtagombana, na wewe ndiwe uliyekuwa ukinipa ukoko." Akakaa chini kwenye kibao, karibu na jiko, magoti yake yakagusa yangu. "Ningemwambia asingekwenda mikokoni kwa ajili yenu. Angekwenda kwa ajili yake, labda angechukua vijiti vichache, angerudi mapema. Hilo nimelibeba mimi. La kwako ulibebe wewe."

"Nimelibeba."

"Hujalisema hata siku moja."

"Unataka nikuombe radhi?"

"Radhi utamwomba yeye huko mtakakokutana. Mimi nataka nisikie kwa kinywa chako, mara moja, kabla hujakaa kwenye mkeka wa mama. Yaseme kama ulivyoyasema."

Nikamtazama. Alikuwa na paji la mamake, na mkono wake ulikuwa umekaa juu ya goti, kiganja juu, kama bado kimeshika kitu. Jiko lilikuwa limeshika moto kati yetu. Sikulipa mgongo safari hii.

Nikasema, "Moto wangu umezima, mwanangu. Mwambie mamako ajaribu kwingine."